Jiwe Lifike Limechoka

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nilisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, toka Kalengera hadi Goma kabla sijaota ndevu, kabichi zimepangwa mbele yangu hata barabara siioni, na breki yangu ilikuwa kipande cha mupira wa gari ninachokikanyagia gurudumu la nyuma kwa kisigino. Nimeona volkano ikimeza nyumba asubuhi, na kesho yake mwenye nyumba anauza mabati yaliyobaki. Nilisoma hadi mwaka wa tatu wa primeri, nikaona inatosha. Leo ukipita Ndosho, hapa Goma, ukauliza etaje, ile ghorofa ya mawe meusi yenye balkoni mbele, hata mutoto anayejifunza kutembea atakuonyesha kwa kidole. Mawe ni yangu, balkoni ni yangu, na sima, ile saruji iliyoyashikanisha, niliiuza mimi mwenyewe kwa mimi mwenyewe, kwa bei nzuri.

Kwa hiyo nikikaa chini kuandika juu ya mutu mwingine, mujue huyo mutu alinisumbua kweli.

Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alifundisha fizike kwenye sekondari hadi nywele zikawa nyeupe kama chaki yake, na hata walipompumzisha hakupumzika. Tulimwita Prof. Alitokea upande wa Butembo, ilisikika kwenye ulimi wake. Mengine ya ukoo wake waulize wakwe zake. Mimi nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na macho yangu ni mazuri, sivai miwani.

Kazi yake, kadiri nilivyoielewa, ilikuwa kuangusha vitu.

Ukikaa naye kwenye kioske ya mama muuza soda, hamalizi chupa kabla hajaangusha kitu. Anachukua kifuniko cha soda mukono huu, jiwe mukono huu, anainua vyote hadi kwenye paji la uso, anaviachia. Tak! Anatuangalia sisi wote mumoja mumoja, kana kwamba amemutoa sungura ndani ya kofia. Halafu anasema neno lake, ambalo batoto wa avenue walilijua kuliko sala:

"Dunia haipendelei."

Maana yake, dunia inavuta wote sawasawa. Kikubwa, kidogo, kizito, chepesi, ukiviachia pamoja vinafika pamoja. Mara ya kwanza kunieleza hivyo nilicheka hadi soda ikanitoka puani.

"Prof," nikamwambia, "mimi nimebeba sima na huu mugongo. Kilo sankante, hamsini nzima, mufuko mumoja. Ile kitu inataka chini kuliko wewe unavyotaka mushahara."

"Inavutwa sana, ndiyo," akasema. "Lakini nayo ni mvivu sana wa kuondoka. Mukubwa anavutwa na nguvu nyingi, na anahitaji nguvu nyingi ili asogee. Mudogo anavutwa kidogo, anahitaji kidogo. Mwisho wake wanafika pamoja."

"Kama maharusi."

"Kama maharusi," akakubali, bila kucheka. Hakujua kwamba nilikuwa namucheka. Au alijua. Kwa mutu huyo ilikuwa vigumu kuelewa.

"Na nyoya la kuku?" nikauliza. "Nalo linafika pamoja na jiwe?"

"Hapo hewa ndiyo inadanganya. Ondoa hewa, utaona."

"Ukiondoa hewa sitaona kitu, Prof, nitakuwa nimekufa."

Kioske nzima ilicheka. Yeye akamuomba mama arudishe kifuniko cha soda kilichobingirika chini ya meza, maana hakupenda kupoteza vifaa vya kazi. Hilo nalo mulijue: alisema vitu vyote vinaanguka, lakini franga ikiingia mufukoni mwake haikuanguka tena. Soda nilikuwa nalipa mimi. Nilikuwa na uwezo, silalamiki.

Kitu cha pili kilikuwa parabole. Hiyo ni njia inayofuatwa na kitu kilichotupwa: kinapanda, kinapinda, kinashuka. Prof aliiona kila mahali, kama mutu aliyeonja pilipili na sasa kila chakula kinamuwasha. Mama akimwaga maji ya vyombo kutoka mulangoni, sisi tunaruka na kupiga kelele. Prof anasogea hatua moja tu kando, maji yanapita, na anamushukuru mama kwa parabole safi. Kijana akikojoa juu ya ukuta wa parseli yake, kiwanja cha nyumba, anasimama kuangalia kwa heshima, halafu anamufukuza. Kwenye arusi moja wageni walikuwa wanawarushia maharusi pipi, yeye akasimama pembeni kabisa ya ukumbi na kofia ameishika chini ya kiuno, na kila pipi iliyopita juu ya vichwa vya wengine iliingia mule. Niliapa kwamba anaiba. Alisema anapokea.

Kanisani hakukosa. Alisali mbele, kwenye benchi ya pili, na shati lililopigwa pasi hadi linakata. Siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni nilimungoja mulangoni.

"Prof, leo mutu amepanda juu bila kushuka. Unasema nini?"

"Leo niko konje, sifanyi kazi," akajibu, akapita.

Batoto walimupenda kwa sababu ya nyufa. Parseli zetu Ndosho zimekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo yakipoa yanapasuka, kwa hiyo mbele ya nyumba unaweza kuwa na ufa mwembamba kama mukono lakini chini yake hakuna anayejua. Mimi niliweza kumwaga kokoto mule wiki nzima bila kujaza. Prof anapiga magoti, anaangusha kijiwe, anainua kidole watu wote wanyamaze. Hata mbwa walinyamaza. Anasikiliza. Halafu anasema, "Metre tano," au "Hii inakaribia kumi na mbili, musikaribishe mbuzi hapa." Nani angeshuka kupima? Niliwaambia watu kwamba anabahatisha. Lakini wakati wa kuchimba shimo la choo changu nilimwita kwanza, aangushe kijiwe chake, kwa sababu mutu mwenye akili anatumia hata kitu asichokiamini.

Na sufuria. Hii siwezi kuiacha.

Hapa kwetu, watu wenye bunduki wakifurahi wanapiga masasi hewani. Siwaulizi wanafurahi nini. Jioni moja ilianza, pa-pa-pa upande wa juu ya muji, na kila mutu akaingia ndani, isipokuwa Prof, ambaye alikuwa na nguo zake kwenye kamba. Nilichungulia dirishani. Alitoka polepole, mushipi umefungwa vizuri, na kichwani amevaa sufuria ya ugali, ile kubwa, mashikio yake yamesimama kulia na kushoto. Akatoa nguo moja moja, akazikunja, akarudi ndani.

Nilicheka usiku mzima. Asubuhi bibi yangu wa ndoa aliniita jikoni. Kwenye mabati kulikuwa na tundu duara, na ndani ya maharagi aliyoyaloweka kulikuwa na risasi moja imelala kama haragi lililoiva vibaya.

Prof alikuja akaiangalia, akaigeuza kwenye kiganja. "Hii ilipanda juu sana," akasema. "Ikafika fasi, mahali pa juu kabisa, ikasimama. Hasira ya bunduki ilikwisha kule. Ile yenye imeshuka hapa ni hasira ya dunia peke yake, na hewa imeipunguza. Lakini kichwa cha mutu hakiombi nyingi."

Bibi yangu hakunitazama. Alimutazama Prof. "Kofia kama ile yako, Papa Prof, ya mutu mwenye kichwa kikubwa, nitanunua wapi?"

Sasa musifikiri alikuwa mutu asiye na kasoro. Alikuwa na moja kubwa, na mimi ndiye niliyeigundua. Mutu huyu aliyeishi kwa kuangusha vitu aliogopa kupanda. Hata kiti hakusimamia. Balbu ya nyumbani kwake ikiungua, kijana wangu ndiye aliyekwenda kubadilisha. Wakati wa kupaka rangi darasani kwake, kule sekondari, aliwaachia wanafunzi ngazi, akasimama mulangoni na mukono kwenye fremu, kama vile fremu nayo ingeweza kukimbia.

"Prof," nikamuuliza, "simba gani huyu anaogopa nyama?"

"Wewe hauogopi kwa sababu haujui namba," akasema. "Mimi nikisimama kwenye kiti, naona namba zote."

Jibu lilikuwa zuri, nakubali. Lakini mutu muoga ni mutu muoga, na nililiweka mufukoni jambo hilo, nikijua siku moja litanisaidia.

Ndipo nikaanza kujenga etaje.

Kwetu mawe hayapandi kwa mashine. Yanapanda kwa mikono. Mutu mumoja anasimama chini, mwingine kwenye mbao katikati, mwingine juu, na jiwe linarushwa toka kwa huyu hadi kwa yule, siku nzima, na wimbo. Mimi ujana wangu nilisifika kwa hiyo kazi. Nilikuwa narusha jiwe hadi aliye juu anarudi nyuma hatua mbili. Kwa hiyo niliwasimamia vijana wangu nikiwapigia kelele: "Nguvu! Nguvu! Mumekula nini?"

Prof alikuja kila asubuhi kuangalia. Kwanza alichora mustari wa chaki chini, mbali kidogo na ukuta, akawakataza batoto kuuvuka. Jiwe likiponyoka, alisema, litaishia ndani ya mustari. Vijana walimwita askari wa chaki. Halafu jiwe moja liliponyoka kweli, likagonga ubao, likaruka, likaenda kulala shibri moja tu toka kwenye mustari, upande wa ndani. Toka siku hiyo mustari ulipofutwa na mvua, vijana wenyewe walimutuma mutu kwenda kumwita.

Lakini hakuridhika na mustari. "Unawaumiza watu wako," aliniambia. "Angalia mikono yao."

Mikono yao ilikuwa imevimba, kweli. Mikono ya mujenzi inavimba.

"Usirushe kwa nguvu. Rusha ya kutosha tu. Kila kitu kinachopanda kinapunguza mwendo, hadi kinafika fasi ya juu kabisa kinasimama. Kinasimama kweli, kidogo tu, kabla ya kugeuka. Mukono wa rafiki yako uwe hapo. Jiwe lifike limechoka."

"Jiwe linachoka?"

"Lifike limechoka," akarudia, "na yule wa juu atalipokea kama mutu anayepewa mutoto aliyelala."

Nilimwambia arudi kwenye chaki yake. Alipokwenda, niliwaambia vijana wapunguze nguvu, kwamba nimetafakari nimeona kuna njia bora. Ukuta ulimalizika kabla ya mvua, hakuna mukono uliovunjika, na mpaka leo wajenzi wa Ndosho wanasema, "Rusha kama Patron." Patron ni mimi.

Sasa tufike kwenye chumba, maana yote haya yanaelekea kwenye chumba.

Prof alikuwa anafundisha finalisti jioni, wale wanaojiandaa kwa egzameni ya Leta, mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Darasa lilikuwa nyuma ya nyumba yake chini ya turubai. Mvua ikinyesha, walisimama wote katikati kama kuku, daftari wameficha ndani ya nguo. Kulikuwa na musichana mumoja aliyetoka kila siku Mugunga, kule kwenye kambi ya wakimbizi, kwa miguu, viatu amevishika mukononi ili visiharibike. Sauti yake ndiyo niliyoisikia kupitia ukuta, akiuliza, kila wakati akiuliza. Na egzameni ilikuwa inakuja, na mvua nayo ilikuwa inakuja.

Prof akanifuata kwenye kioske. Hakukaa. "Ile chumba ya chini, ya mbele," akasema. "Mwaka moja tu. Batoto hawa hawawezi kusoma kwenye maji."

Chumba kile nilikuwa nimekipangia mutu wa farmasi. Nilimwambia hivyo.

"Naelewa," akasema, akageuka. Na kama angeondoka tu, ingekuwa imekwisha. Lakini mimi nilikuwa kwenye kioske, watu walikuwa wamejaa, na ulimi wangu haukai bila kazi.

"Prof! Sikia. Nitakupa chumba mwaka muzima, bure. Siku ya kufungua etaje, mbele ya watu wote, tutaangusha vitu viwili toka juu kwenye terase, kwenye paa, mimi nichague. Vikifika pamoja, chumba ni chako. Lakini kizito kikifika kwanza, utasimama mbele ya wanafunzi wako na utasema: Patron alikuwa na haki, na mimi nimewadanganya."

Mama muuza soda akasema taratibu, "Papa, usimufanyie hivyo."

Kwa mutu mwingine ingekuwa maneno tu. Kwake yeye neno lake kwa wanafunzi ndilo lilikuwa nyumba yake yote. Aliangalia upande wa turubai.

"Unachagua nini?"

Nilikuwa tayari. Mimi silali. "Mufuko wa sima mumoja, muzima, kilo sankante. Na mufuko wa sima mutupu. Karatasi tupu."

Watu wakapiga kelele. Hata wafuasi wangu waliona ni vibaya. Karatasi tupu itaelea kama jani, kila mutu anajua, na hewa inayodanganya itakuwa upande wangu.

Prof alifikiri. Akauliza, "Unachagua vitu. Nani anaviweka?"

"Viweke wewe," nikacheka. "Ukiweza kufika. Ni juu kwenye terase."

Siku ya kufungua, avenue nzima ilikuwa pale. Padri alikuja na kanzu nyeupe kubariki mulango. Mama wa kwaya walikuwa wamevaa vitenge vipya vya rangi moja, vya siku hiyo hasa. Nilikodi viti. Nilikodi muziki. Niliweka nyama ya mbuzi chini kwenye meza ndefu mbele ya nyumba, na mimi mwenyewe nilivaa suti ya rangi ya asali. Mukiona picha mutaelewa.

Prof alifika na finalisti wake nyuma yake. Kabla ya yote akatoa chaki, akachora mustari, mbali sana na ukuta, mbali kuliko mustari wowote aliowahi kuchora. Akasimamisha wanafunzi wote nyuma yake, upande upepo unakotokea. Akamwambia padri kitu sikioni, lakini padri alikuwa karibu na nyama na hakusogea.

"Prof, unaogopa nini?" nikamwita toka juu. "Ni mufuko mumoja tu!"

Akaanza kupanda.

Sikufikiri atapanda. Niseme ukweli, nilikuwa nimemutegemea asipande. Kufika ngazi ya kwanza, waliokuwa chini walinieleza, alikuwa amekwisha kushika ukuta kwa mikono yote miwili. Kufika ya pili alikaa chini, akaendelea kwa makalio, ngazi moja, nyingine, macho yamefungwa. Tulimusikia kabla ya kumuona. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa. Alipotokea juu kwenye terase alikuwa na jasho kama mutu aliyeogeshwa. Alitambaa hadi kwenye ukingo ambapo vijana wangu walikuwa wamelaza mufuko wa sima. Akafungua macho, akaona chini, akayafunga tena.

"Prof, acha," nikamwambia polepole, ili watu wasisikie. "Nenda chini. Tutasema tu ilishindikana."

"Lete karatasi," akasema.

Nikamupa mufuko mutupu. Akaukunja mara mbili hadi ukawa mudogo kuliko ule muzima. Akautandika juu ya mufuko wa sima, katikati. Haukufungwa, haukugandishwa. Umekaa tu, kama kofia.

"Eh!" nikapiga kelele. "Hapana! Umemubebesha!"

"Nani amemubeba?" Sasa alikuwa na sauti ya darasani, ile inayopita ukuta. Chini wote walisikia. "Juu ya mufuko wa sima hakuna mukono, hakuna kamba. Wewe unasema muzito ana haraka kuliko mwepesi. Bien, sawa. Kama ana haraka, atamuacha nyuma. Karatasi itabaki hewani, watu wote wataiona. Mimi nasema hatamuacha. Kazi ya mukubwa ni moja tu, kumufungulia njia kwenye hewa ili isimudanganye. Sukumeni!"

Vijana walinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ningefanya nini, watu wote wanaangalia. Wakasukuma kwa usawa.

Na niliona. Ule mufuko ulishuka umelala, na karatasi juu yake imelala, haikuinua hata kona. Madirisha yalipita. Balkoni ilipita. Walikuwa pamoja kama bwana na bibi kwenye kitanda kimoja. Kila mutu aliona.

Halafu walifika.

Mimi nimeuza sima miaka mingi. Nimeibeba, nimeilalia, nimeihesabu. Sijui kwa nini sikufikiri kwamba mufuko wa kilo sankante ukitoka juu ya etaje hautakaa chini kwa adabu. Ulipasuka kama bomu. Wingu la kijivu lilipanda hadi kwangu. Muziki ulikata. Lilipotulia, kulikuwa hakuna mama wa kwaya tena, kulikuwa na sanamu za rangi moja, na zote zilikuwa zinakohoa. Meza ya mbuzi ilikuwa imepakwa plasta. Nyuma ya mustari wa chaki, upande wa upepo, finalisti walikuwa safi kabisa, na yule musichana wa Mugunga alikuwa anaruka juu na chini, viatu mukononi.

Padri aliyekuja mweupe sasa alikuwa wa kijivu, hata nyusi. Alipangusa macho, akakaribia lundo la sima, akainama. Katikati ya lundo, juu kabisa, karatasi ilikuwa bado imelala.

"Wamefika pamoja," akatangaza padri. "Nimeona." Akatema mate. "Na nimeonja."

Nikageuka kumutafuta Prof. Alikuwa amekaa kwenye terase, mugongo kwenye ukuta, miguu ameinyosha kama mutoto, macho bado yamefungwa.

"Imekuwa?" akauliza.

"Imekuwa," nikasema.

"Basi nisaidie kushuka."

Nilimushusha kwa mugongo. Kwa mugongo huu huu. Hakuwa na uzito wa mufuko wa sima.

Chumba kikawa darasa. Walipaka ukuta mumoja rangi nyeusi bila kuniomba, na jioni taa ikawaka pale mbele, watu wapitao barabarani wanaona. Mvua ilinyesha tukiwa na egzameni karibu, ikapiga mabati ya jirani, na wao waliendelea. Mimi nilikuwa napita dirishani mara kwa mara. Nilikuwa naangalia rangi ya ukuta kama inakauka. Musichana wa Mugunga alishinda egzameni, na wengine wengi. Mwaka ulikwisha, Prof hakusema kitu, mimi sikusema kitu. Mutu wa farmasi alipata fasi kwingine.

Mara ya mwisho kumuona ilikuwa asubuhi ya ukungu, mwaka huu. Magoti yake yalikuwa yamekataa, na binti yake wa Butembo alikuwa amemuita akae kwake. Ingebidi azungukie Uganda, maana njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa. Moto, ile pikipiki ya kukodi, ilikuwa inamungoja barabarani, mufuko wake wa nguo umefungwa nyuma. Nilikuwa kwenye balkoni na chai.

"Patron!" akaita toka chini. "Ufunguo wa chumba."

"Panda, Prof, tunywe chai."

"Nilipanda mara moja, inatosha."

"Basi urushe. Nitadaka."

Akatazama juu. Nilimuona anapima, yule mutu, jicho moja amelifunga. "Usiufuate," akasema. "Ungoje. Utakuja kwako."

Akarusha, kwa mukono wa chini, taratibu, kama mutu anayempa mutu kitu. Ufunguo ulipanda mbele ya mawe yangu meusi, ukipunguza, ukipunguza, na ulipofika mbele ya kifua changu ukasimama.

Ulisimama. Naandika nilichokiona. Ulikuwa haupandi na haushuki. Niliona meno yake, niliona kamba nyekundu aliyoifunga kwenye tundu, niliona chaki kwenye ile kamba. Maisha yangu yote nimerusha vitu na kudaka vitu, na sikuwahi kuona kimoja kikisimama hewani mbele yangu kama kinangoja niseme kitu. Nikasahau kwamba nina mikono.

Halafu ukaanza kushuka.

Uligonga jiwe la mulangoni, ukaruka, ukaingia kwenye ufa. Prof akainua kidole. Dereva wa moto akazima injini. Tukasikia, mbali, chini kabisa: ting.

"Metre saba," akasema Prof. "Karibu nane." Akanitazama, na nakwambia alikuwa anacheka, mara ya kwanza kwa miaka yote ile. "Patron. Umeshangaa."

"Sikushangaa. Jua limeniingia machoni."

Akaangalia ukungu, pande zote, polepole, akitafuta jua hilo. Halafu akapanda moto, akashika bega la dereva kwa mikono yote miwili, akafunga macho, wakaondoka.

Ilibidi kuvunja kufuli. Ile mupya ilikuja na funguo mbili, moja nimebaki nayo, na ya pili nilimupa yule musichana wa Mugunga, maana sasa yeye ndiye anayewafundisha finalisti jioni, na nimesikia kupitia dirisha, nikiangalia rangi, kwamba naye anaangusha vitu.

Kwa hiyo narudia, mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Ilikuwa mara moja tu, na bei yake naijua. Kufuli na kazi ya fundi: franga elfu arobaini na moja na mia tano.